Cherehe ya Mwanatatu

"Mwanangu Mbwana, wakata mnazi huo ama wausinga kama bibi arusi?"

Bibi Dhahabu aliuliza hivyo akiwa amekaa juu ya mbuzi yake, anakuna nazi mlangoni mwa jiko. Mbwana akazima msumeno wa mashini na kujifuta jasho kwa bega. Moshi wa petroli ulikuwa bado unazunguka shina la mnazi, na chini, kwenye miguu yake, palikuwa na unga laini kama wa muhogo. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Msumeno wenye makali hutema vipande. Huu ulikuwa unasaga.

Na mnazi huo ulikuwa mdogo, uliokwisha kukauka, peke yake katikati ya kiwanja. Mkubwa haujaguswa. Ulikuwa umeinamia paa la makuti la jiko kama jirani anayechungulia leo kumepikwa nini, na kila upepo ulipovuma Bibi Dhahabu aliinua macho akasema, "Ya Rabi stara."

"Kabla ya mvua nautaka uwe chini," alisema. "Kama hamuwezi, semeni nimwite Kioko na mashoka yake. Mimi sina ugomvi na mtu."

"Tutaukata, Bibi," Mwanatatu, mke wa Mbwana, alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo. Alikuwa amemletea chai, na birika lilikuwa bado mkononi. "Tupe muda kidogo tu. Utaanguka utakapotaka wewe, inshallah."

Njiani wakirudi nyumbani Mbwana aliuhamisha msumeno bega hadi bega. Kisha akasema, "Umemwahidi kwa makali gani?"

Mwaka ule Likoni yote ilikuwa ikizungumza habari za uhuru unaokuja. Kambi ya mbao alikofanya kazi Mbwana, huko kwenye misitu ya Shimba, ilikuwa imefungwa, mabwana zake wanarudi kwao, naye badala ya kiinua mgongo akachagua kupewa msumeno uliochakaa. Watu walimcheka. Yeye aliona minazi mikongwe iliyojaa Likoni, akaona kazi. Lakini mnazi hula makali kuliko mti wowote, na kunoa mnyororo wenye meno wa msumeno huo kwa tupa kunataka mkono uliotulia. Kifundo chake cha mkono wa kulia kilivunjika msituni, kikaunga kombo. "Mkono wa kubeba ninao," alikuwa akisema, "wa kunoa ndio sina." Alikuwa akivuka feri kupeleka mnyororo karakana moja ya mjini, na kila ulipotoka huko ulirudi na meno mafupi zaidi na makali yale yale.

"Kwa makali yetu wenyewe," Mwanatatu alisema. "Kesho tukatafute cherehe."

Walianzia mjini, katika duka la vyuma. Muuzaji aliwaonyesha cherehe mpya ya kunolea minyororo, ya rangi ya kijani, ina mota yake. Akaiwasha, ikavuma taratibu, tamu. Mbwana aliitazama kama mtu anayetazama mtoto wa mwenzake.

"Hii yala umeme," Mwanatatu alimnong'oneza. "Nasi kwetu twawasha kandili, babake Barke."

"Najua."

"Na bei yake ni ya ng'ombe na ndama wake."

"Najua, mke wangu. Natazama tu. Kutazama hakuna bei."

Ilikuwapo nyingine ya kuzungusha kwa mkono, rahisi zaidi. Mwanatatu aliizungusha, akafikiri. Mkono mmoja wa kuzungusha, mmoja wa kushika mnyororo, na wa kuuelekeza jino kwa jino je? Aliiacha. Alipotoka mlangoni aliitazama miguu yake, miguu iliyokanyaga cherehani tangu kabla hajaolewa, akaanza kucheka peke yake.

"Wacheka nini?"

"Twende Changamwe kwa yule mwuza vyuma chakavu. Twataka jiwe na mhimili wake tu. Kilichobaki ninacho nyumbani."

Mwuza vyuma aliitwa Kalama, mtu mrefu wa Kilifi aliyekaa katikati ya kutu zake kwa raha zote. Aliwatolea mhimili wenye beringi nzima, kisha akamwaga chini mawe ya cherehe, membamba, ya unene wa penseli. Mwanatatu alichuchumaa. Akaliinua moja kwa kidole kupitia tundu la katikati, akaligonga kwa kijiti. Likatoa sauti ya kufa. Akaliweka kando. La pili, vile vile.

Kalama akaangua kicheko. "Mama, wanunua jiwe ama chungu?"

"Chungu chenye ufa humwaga mchuzi tu. Jiwe lenye ufa je, likizunguka?"

Kicheko kilimwisha Kalama. "Hupasuka likamrukia mtu usoni. Nimeona." Akachuchumaa naye, na wote wawili wakawa wanagonga na kusikiliza, hata wapita njia wakasimama. Mwishowe jiwe moja likaimba, sauti nyembamba, ndefu. Kalama alilipangusa kwa shati lake. "Hilo lilikuwa likikungoja wewe," alisema, akapunguza bei bila kuombwa.

Nyumbani Mwanatatu alifungua skrubu na kukinyanyua kichwa cha cherehani yake, akakilaza kitandani na kukifunika leso. Kanzu za wateja alikwisha kuzimaliza, nyingine zingengoja. Mbwana alifunga mhimili na jiwe lake mahali pa kichwa hicho kwa bolti zisizofanana, akapitisha ukanda hadi kwenye gurudumu la kanyagio. Kisha akachonga kipande cha mvule kiwe kitako cha mnyororo, akakilaza kimshazari. Alikuwa amehifadhi pingili mbili za mnyororo ambao haujatumika, na mshazari aliupima kwa meno ya pingili hizo. Akapigilia kijiti cha chuma ili kila jino lisimame pale pale lilipokuwa jino la kabla yake. Ukingo wa jiwe waliusugua kwa kipande cha tofali hadi ukaviringika na kuingia sawasawa kwenye koo la jino, bonde lililo chini ya makali yake.

Mwanatatu alivaa miwani ya jua aliyoiacha binti yao Barke alipoolewa. Akakanyaga. Jiwe likazunguka, cheche zikaruka, na Mwanatatu, kwa furaha, akakandamiza.

"Basi, basi! Umelichoma!"

Jino lilikuwa limegeuka samawati, kama shingo ya njiwa.

"Rangi nzuri," alisema Mwanatatu.

"Rangi ya maiti. Chuma kikifika hapo hakina nguvu tena. Gusa, uache. Gusa, uache."

Akagusa, akaacha. Alinoa meno yote ya upande wa kulia, na miguu ilipochoka akayapitia ya kushoto kwa haraka. Mbwana aliujaribu msumeno kwenye gogo uani. Vipande viliruka! Lakini ulipoingia ndani ulipinda, ukaenda upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Mbwana akauzima, uso umemshuka. Msumeno unaopinda hivyo kwenye mnazi wa Bibi Dhahabu ungelilaza shina zima juu ya jiko.

Mwanatatu aliuchukua mnyororo, akapima jino na jino kwa uzi. "Nimeshona kanzu yenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi," alisema. Hakukasirika. Alitafuta jino fupi kuliko yote, akakaa tena kwenye kanyagio, akayarudisha yote yalingane na hilo. Majirani walikuja kutazama cheche, wakaleta vigoda, wakakaa kama wako arusini.

Siku ya siku ilipofika, kamba ilifungwa juu ya mnazi mkubwa na wanaume wakaishika upande wa uwanja. Mbwana alichomeka kijiti mchangani mahali alipotaka shina lilale. Bibi Dhahabu alikuwa ametoa vyungu vyake vyote nje.

"Virudishe, Bibi," Mwanatatu alimwambia.

"Una hakika, mwanangu?"

Mwanatatu alikishika chungu kimoja mwenyewe, akakirudisha jikoni, akatoka.

Msumeno ulinguruma. Vipande vikaruka vinene, vyekundu-vyekundu, vikawaangukia watu kwenye kofia na leso. Mbwana alikata shina umbo la kabari upande wa uwanja, akazunguka kukata nyuma. Mwanatatu aliutazama mstari wa mkato: umenyooka kama pindo. "Vuteni!" akapaza sauti. Mnazi ukalia, ukasita, jiko lote likiwa bado kivulini mwake; halafu ukaenda, polepole, kisha kwa kishindo, ukakifukia kijiti kile mchangani.

Vigelegele vilifika hadi kwenye feri. Mbwana alikuwa amesimama na msumeno uliozimwa, akimtazama mkewe tu, vijipande vya mnazi kwenye nyusi zake zote. Watu waliukimbilia mnazi, wakakipasua kilele na kutoa kichilema, cheupe, kitamu, wakakikata na kugawana. Mwanatatu aliutengea mkono wake nafasi kati ya watu, akapata vipande viwili, kimoja akamtia mumewe mdomoni.

Bibi Dhahabu alipewa chake akasimama nacho mlangoni mwa jiko, anatafuna taratibu. Pale palipokuwa na shina palikuwa na mwanga sasa, na mbali, kati ya mapaa mawili, kijisehemu cha maji ya buluu na meli ikipita.

"Kumbe bahari i karibu hivi!" alisema.

Akavuta kigoda chake nje, akakigeuzia huko.