Saa za Blandine

Radio ya Musonoi haikuwa ya kumfanya mtu ajivune. Vyumba viwili, mnara uliofungwa kwa nyaya juu ya bati, na kompyuta moja ya Linux iliyonguruma kwenye kona kutwa nzima, imefunikwa na vumbi jekundu. Vumbi la migodini halina adabu. Linaingia hata pasipo na mlango. Lakini ndani ya kompyuta hiyo ndimo alimokuwa Blandine, na kila saa ilipotimia alizungumza.

"Ni saa tatu ya asubui, bandugu. Tuko bazima, aksanti Mungu."

Kisha muziki unaendelea. Vijana wanaochimba shaba na kobalti waliizoea sauti hiyo kuliko sauti za mama zao, maana mama zao walikuwa mbali, Kasai au Kisenge, na Blandine alikuwa hapo hapo kwenye redio ya muuza sigara. Saa zote alizirekodi asubuhi moja, naye Dimitri, mumewe na fundi wa kompyuta wa radio, akimtazama kutoka upande wa pili wa kioo. Moja aliiharibu kwa utani, akacheka katikati, na mkurugenzi, tata Mwamba, mtu asiyependa mzaha kazini, akamwamuru airudie. Mwaka uliofuata Blandine aliugua mapafu. Mvua za kwanza zilimkuta kaburini.

Ndugu zake walikuja kutoka Lubudi kuchukua vitu vyake, kama desturi inavyotaka. Walibeba vitenge, masufuria, cherehani, hata viatu vya kanisani. Dimitri hakunung'unika, yeye mwenyewe aliwasaidia kufunga mizigo. Lakini Kabemba, kaka mkubwa wa marehemu, alichukua na simu yake, ile yenye picha zote. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na ile sauti yake ya mu radio, shemeki, njo yetu vilevile. Siku moja tutakuja kuibeba."

Huenda alitania. Watu wa kilio hutania ili wasilie. Dimitri hakucheka, na neno hilo halikumtoka kichwani.

Tangu hapo nyumba ilimshinda. Akiingia, anasikia viatu vyake mwenyewe, na hilo tu lilitosha kumrudisha nje. Akawa mtu wa kukaa radioni hadi jua lizame, si kwa kazi, ila kwa kungoja saa itimie. Alikuwa mpweke, tena upweke ule wa mtu anayesalimiwa na kila mpita njia.

Ndipo yakaja makontena. Radio ilitaka programu mpya ya kupokea ujumbe wa sauti kutoka kwenye simu za wasikilizaji. Programu hiyo na ile ya zamani ya kupiga nyimbo hazikupatana hata kidogo; ukiisimika hii, ile inakufa, kama wake wenza waliopewa jiko moja. Dawa yake Dimitri aliijua. Alisimika Docker, programu ya kujengea makontena, akavuta faili zake polepole kwa mtandao wa kubembeleza, umeme ukikatika anaanza upya, mpaka kila programu ikapata kontena lake, chumba kilichofungwa chenye kila inachohitaji.

"Kontena?" aliuliza Falonne, mtangazaji aliyechukua nafasi ya Blandine. "Kama zile za malori ya cobalt?"

"Zile zinaenda mpaka ku bahari. Hii haiende fasi yoyote."

Akamweleza vizuri, kwa kuwa ni Falonne anayebaki kazini yeye anapotoka. Chumba hiki, alimwambia, unaweza kukibomoa na kukijenga upya mara moja, kwa sababu kielelezo chake, ambacho mafundi wa huku wanakiita image, kimehifadhiwa pembeni. Kwa hiyo kitu unachotaka kidumu usikiweke chumbani. Kiweke nje, kwenye folda ya mashine yenyewe, kisha ufungue dirisha ili programu ikione. Nyimbo ziko nje. Ujumbe wa watu uko nje.

"Courant ya umeme ikikatika na player ya nyimbo ikwame, usiogope," alimaliza. "Simamisha kontena, uifute, uianzishe mupya. Hakuna kitu itapotea."

Fundi mzuri, maneno mazuri. Na mtu huyo huyo, Falonne alipotoka kwenda kununua maji, akafanya kinyume cha yote aliyofundisha. Alizichukua saa za Blandine akaziingiza ndani ya kontena la player, kisha akafuta nakala zote zilizokuwa nje. Nje, aliwaza, ndiko mikono ya watu inakofika. Nje anakuja Kabemba na flash yake, anatia mfukoni, anaondoka. Ndani hakuna atakayemgusa. Mtu aliyeona nyumba yake ikihamishwa yote mchana mmoja hafikiri tena kifundi, anafikiri kama mwenye sanduku na ufunguo. Saa ilipotimia na Blandine akazungumza akiwa ndani, Dimitri alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Kiangazi kilipoingia, wakwe walimwita Lubudi kumaliza kilio. Walimwosha, wakamnyoa, wakampa kuku, wakamtangaza huru, hata kuoa anaweza. Kabemba alimkumbatia kwa nguvu. Dimitri akaona aulize tu, yaishe.

"Na ile sauti ya mu radio? Mutakuja lini?"

"Sauti gani?" Kabemba alikunja uso, akakumbuka, akacheka. "Ah, shemeki! Nilikuwa natania tu. Radio njo nyumba yake. Tutaipeleka wapi?"

Dimitri alirudi akiwa mwepesi. Njia nzima alikuwa na wazo moja: akifika, azitoe saa nje, aziweke mahali pake kama fundi mwenye akili. Kolwezi alipanda pikipiki ya taxi-moto. Walipoingia Musonoi, kwa mama anayekaanga mikate kando ya barabara, redio ilikuwa imewashwa. Wimbo ukaisha. Saa ilikuwa imetimia. Kukawa kimya, kisha ukaanza wimbo mwingine.

"Simama," alimwambia dereva. Akashuka. "Mama, saa haikupita?"

"Haipite, tata," alijibu mama huyo huku akigeuza mikate. "Tangu jana Blandine anakatala kusema."

Radioni Falonne alimpokea kwa furaha, maana aliona amefanya kazi ya kiume. Umeme ulikatika, alieleza, ukarudi, player ikakwama. Naye akasimamisha kontena, akalifuta, akalianzisha upya, na nyimbo zote zikarudi.

"Ila zile saa tu, sijue zilienda wapi."

"Ulifuta!" Dimitri alipiga kelele mpaka tata Mwamba akatoka ofisini kwake. "Ulimufuta bibi yangu!"

Falonne alirudi nyuma hadi ukutani. Lakini hakukubali kubeba lisilo lake. "Weye njo ulinifundishaka. Ulisema hakuna kitu itapotea."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimkalisha chini. Alipekua diski kila pembe, akajaribu kila alichojua. Chumba kilikuwa kimebomolewa, na chumba kipya kilikuwa kitupu kama nyumba yake siku ile wakwe walipoondoka. Blandine alikuwa amechukuliwa mara ya pili, na safari hii Kabemba hakuwa na hatia. Dimitri akalia pale pale, mbele yao, na kichwa chake kilichonyolewa karibuni, kilio kikubwa kuliko cha mazishi. Tata Mwamba hakujua pa kuweka mikono.

Falonne akaingia studio. Kule kulikuwa na kompyuta nyingine, ya kurekodia, kuukuu, na ndani yake corbeille ambamo wanatupa rekodi zilizoharibika. Hakuna aliyewahi kuimwaga. Alikaa humo muda mrefu, ametia visikilizio masikioni, akifungua na kufunga faili zisizo na majina. Kisha akachungulia mlangoni.

"Tata Dimitri. Kuja usikie."

"Ni saa kumi na mbili ya mangaribi, bandugu," alisema Blandine. Kisha sauti ikageuka, ikawa ile ya nyumbani. "Dimi, acha ile mashini yako. Kuja, twende ku nyumba." Na kicheko, na kwa mbali sauti ya mwanamume aliyekasirika: "Rudia, mama! Hapa haiko mu jiko!"

Walisikiliza wote watatu. Tata Mwamba alikohoa, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Hii nilikatazaka," alisema. Akavaa miwani tena. "Uiweke. Na sauti yangu usiikate, batu bajue nilikuwa mupumbafu."

Saa nyingine zote alizirekodi Falonne, na kabla hajaanza ya kwanza Dimitri alimwomba radhi. Hiyo moja ya jioni Dimitri aliiweka nje, kwenye folda, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifikia. Akampa Falonne nakala. Nyingine akamtumia Kabemba huko Lubudi, kwa hiari yake mwenyewe.

Sasa Musonoi nzima inaingojea jioni. Redio za maduka zinasema kwa pamoja, vijana wanaorudi kutoka mashimoni wanacheka, na wakimwona fundi bado yuko mlangoni pa radio wanampigia kelele: "Tata Dimi, banakuita!" Naye anainuka, anachukua ufunguo, anaondoka. Hajawahi kuchelewa tangu siku hiyo.

Njia ya kwenda kwake ni fupi. Anafika, anafungua mlango, na kabla hajawasha taa anasimama kizingitini.

"Mashini niliacha," anasema. "Nilisharudi."

Kisha anaingia.