Wimbo Ndani ya Eda

Machozi ya Bi Kidawa yalipokubali kutoka, yalitoka mbele ya watu, nao wakayapokea kwa shukrani. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, katika chumba cha juu cha nyumba yake ya Kiponda. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, migongo ukutani, chai ya tangawizi inazunguka, na mazungumzo yameshatoka kwa marehemu yamefika kwenye bei ya mchele. Mara mabega ya mjane yakaanza kutikisika ndani ya nguo zake nyeupe. Aliinama, akajifunika uso kwa mtandio, na sauti ikamponyoka, nyembamba, ya mtoto aliyenyang'anywa kitu mkononi.

"Mwacheni," mmoja alinong'ona. "Mwacheni alie, masikini. Alikuwa kajaa huyu."

Hakuna aliyejua kwamba chini ya mtandio ule, katika sikio la kushoto, palikuwa na kidude cha kusikilizia simu, na kwamba ndani ya kidude hicho mwanamke mmoja wa Kihindi alikuwa akiimba wimbo wa mapenzi.

Tumtendee haki Bi Kidawa, hakukusudia. Binti yake Mardhiya, aliyeolewa Maskati na ambaye alirejea kwake mara tu baada ya hitima ya baba yake, alimwachia simuni mawaidha ya sheikh mmoja kuhusu subira. Alimwonyesha namna ya kupachika kidude sikioni, ili apate la kusikiliza wageni wakizidi maneno. Bi Kidawa akatii. Kila alasiri alimsikiliza sheikh huku akiitikia pole za watu kwa kichwa. Alasiri hiyo sheikh alimaliza, akaomba dua, akanyamaza. Lakini simu za siku hizi hazina haya, hazijui kunyamaza. Ikakumbuka kwamba siku moja ya mvua, mwaka uliopita, bibi huyu aliwahi kuutafuta wimbo fulani wa filamu, basi ikamletea kwa hiari yake. Zikaanza fidla, nyingi, zikipanda pamoja, halafu ile filimbi, na kabla mwimbaji hajafungua kinywa, Bi Kidawa alikuwa msichana wa miaka kumi na sita.

Filamu ile aliiona na Thuwaiba, mara nyingi kuliko walivyowaambia mama zao. Siku hizo sinema za mjini zilikuwa na onyesho la wanawake, mchana katikati ya wiki, na mwanamume hakanyagi ndani. Wanawake wakifika mlangoni hulegeza mabuibui, wakakaa na njugu zao na watoto wao wa kunyonya, na taa zikizimwa wote huwa kitu kimoja. Hakuna aliyejua Kihindi, wala hakuna aliyepotea. Palikuwa na binti wa tajiri na mwalimu wake wa muziki. Mwalimu alimpenda hata akashindwa kusema, akafukuzwa, akapanda treni, na binti akabaki juu ya paa, mvua inanyesha, anaimba. Hapo ukumbi mzima ulilia. Walilia kwa raha, kama watu wanavyokula, na wakatoka wameshiba.

"Mie atakayenioa," Kidawa alimwambia Thuwaiba siku moja wakitoka, "lazima kwanza anione kwa mbali, ulimi umgande."

Aliyekuja alikuwa Usi, kaka yake Thuwaiba. Wala hakuja na mvua. Alikuja na wajomba zake, wakakaa sebuleni kwa baba, wakazungumza, wakanywa kahawa, na mambo yakaisha. Usi alikuwa kijana mfupi, mpole, anayeuza kufuli na bawaba katika duka moja la Darajani. Thuwaiba alipanda ngazi mbio kumletea mwenzake habari, anacheka peke yake, maana kwake yeye ilikuwa furaha juu ya furaha. Kidawa alimtazama, akamwambia, "Nimekubali kwa kuwa baba kakubali. Usinitake nicheke."

Maneno hayo machache yalikaa baina yao muda wote wa ndoa. Hawakugombana hata siku moja. Waliitana wifi, wakapelekeana vyakula vya futari, wakauguziana watoto, lakini usichana wao uliishia pale ngazini.

Na Usi alikuwa mume mwema, hilo ndilo lililomchoma Bi Kidawa alasiri ile. Angekuwa mkorofi, pangekuwa na pa kujificha. Hakupata kumwinulia mkono wala sauti. Alimnunulia doriani la kwanza la msimu hali yeye mwenyewe harufu yake haiwezi. Alipougua na kulala muda mrefu, kila akigeuzwa kitandani alisema ahsante, mpaka wauguzi wakamcheka. Naye Bi Kidawa alimtumikia bila kasoro. Chakula kwa wakati, kanzu imepigwa pasi, dawa mkononi. Kitu kimoja tu alikizuia, na alikizuia vizuri sana. Kwa sababu ya binti mmoja juu ya paa, alimpima mume wake siku zote kwa kipimo ambacho mwenyewe hakuonyeshwa, na kila alipompima akamkuta pungufu.

Siku ya maziko jicho lake lilikuwa kavu. Wanawake wa Kiponda wana macho, waliona. Jeneza lilipoteremshwa ngazi, yeye aliuliza kama sufuria za majirani zimeshahesabiwa. Alidhani kilio kitakuja baadaye, akakingoja, siku ikaingia siku nyingine. Sasa kimekuja, na kimeitwa na fidla. Alijiona mwizi. Wenzake walikuwa wakimpa pole, nao hawakujua wanampa kwa ajili ya nini.

Wageni waliaga mmoja mmoja, wakimgusa bega kwa heshima mpya. Akabaki Thuwaiba. Kila siku alikuja kutoka mtaa wa Amani, na magoti yake yale mabovu, akakaa karibu na mlango, akavuta uradi wake na kusema kidogo. Leo aliuvuta mkeka wake hadi ubavuni kwa mjane.

"Wifi."

"Naam."

"Nataka radhi zako."

"Radhi za nini tena, Thuwaiba?"

"Nlikudhania vibaya." Thuwaiba alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Tangu ile siku uliyoniambia nisikutake ucheke. Kila nikija hapa nakutazama unavyompakulia, nasema moyoni, huyu anamtumikia kaka yangu, lakini hampendi. Nikamwonea uchungu. Na siku ya maziko, Mungu anisamehe, sikuwa na kazi ila kukutazama wewe. Leo nimekusikia. Sijapata kusikia mwanamke akalia vile. Nimedhulumu mtu, wifi. Nambie umenisamehe nishuke ngazi hizi roho yangu imetulia."

Sikioni mwa Bi Kidawa nyimbo za filamu zilikuwa zikiendelea. Wimbo wa kwanza uliisha zamani, ukaja ule wa sokoni wenye vigelegele, na sasa fidla zilikuwa zikianza upya, kwa kuwa simu ilikuwa imeona anaupenda. Hakujua inazimwaje. Mardhiya alimfundisha kupandisha sauti tu.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Mzee mwenzake, mwenye shinikizo la damu na magoti ya kuhurumiwa, angerudi kwake Amani akalala usingizi. Hiyo si sadaka hiyo? Alikaribia kabisa kusema, nimekusamehe. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini alimfikiria Usi, aliyesema ahsante kila akigeuzwa, akaona kwamba mtu yule amekosa vingi ndani ya nyumba hii, na sasa hata machozi anaandikiwa yasiyokuwa yake. Hakuweza.

Alikitoa kidude sikioni, akakiweka katika kiganja cha wifi yake.

"Tia sikioni."

Thuwaiba alidhani ni Kurani. Alijitengeneza ukaaji, akasema bismillahi, akakitia. Uso wake ukabadilika polepole.

"Hii…" alisema. "Hii si ile?"

"Ndiyo hiyo."

"Ya juu ya paa?"

"Ndiyo. Nlikuwa nnaisikiliza hii, wifi. Imejiweka yenyewe, lakini sikuitoa. Mlipodhani namlilia Usi, nalilia hii."

"Ndani ya eda?"

"Ndani ya eda."

Thuwaiba aliuachia mkono wake. Chini, katika kichochoro, mabegi ya watalii yalikuwa yakipita, magurudumu yanagongagonga mawe, na muuza kahawa anapiga vikombe vyake.

"Basi yale nliyokudhania yalikuwa kweli," alisema Thuwaiba.

Bi Kidawa alitaka kusema hapana. "Sijui. Mie mwenyewe nnaogopa kujiuliza. Nitukane ukitaka. Nna haki ya kutukanwa."

Wifi yake hakumtukana. Aliokota mkoba wake, akaegemea ukuta apate kuinuka, uso umefungwa. Mkono mmoja ulikuwa umeshafika sikioni kukitoa kidude, ukasita hapo hapo. Alikunja uso, akasikiliza.

"Hii imekosewa," alisema.

"Imekosewaje? Ndiyo yenyewe, ya zamani."

"Hapana. Hapa, anapotaja mvua. Hapa hushuka. Huyu bibi kapanda."

Bi Kidawa alimgeukia.

"Filamuni hupanda, wifi," alisema taratibu. "Anayeshuka ni Usi."

Thuwaiba alikaa tena chini.

Walikuwa wamesahau wote wawili. Onyesho la wanawake lilikuwa la wanawake, lakini msichana hakutembea peke yake kurudi nyumbani, na Thuwaiba alikuwa na kaka mwenye baiskeli. Usi alikaa kwenye baraza nyuma ya sinema, kila wiki, akimngoja dada yake. Filamu hakuiona. Aliisikia ukutani, imechanganyika na majogoo ya watu, wachuuzi na mashine ya kusagia iliyokuwa uchochoro wa pili. Paliposikika alipashika, pasiposikika akatia chake mwenyewe. Mwimbaji alipopanda, pengine mashine ilinguruma, basi yeye akashuka. Akaendelea kushuka hapo maisha yake yote, akinyoa ndevu, akitia mafuta kufuli, akipanda ngazi za nyumba hii na kikapu cha sokoni. Wimbo uliomwingia Thuwaiba kichwani, baada ya miaka mingi, haukuwa wa filamu. Ulikuwa ule aliouimba Usi njiani, yeye akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli.

Bi Kidawa alijiuliza, na safari hii hakuogopa, ni wapi hasa machozi yalipomtoka. Haikuwa kwenye fidla. Fidla zilimfurahisha, alitaka hata kutabasamu mbele ya wageni. Haikuwa kwenye filimbi. Ilikuwa hapo kwenye mvua. Sikio lake lilikuwa limeshajiandaa kuteremka, na yule mwanamke akapanda, sauti safi, sahihi, haina kosa hata moja, na nyumba ikawa tupu. Hakuthubutu kumwambia wifi yake. Ingesikika kama mtu anayejitafutia udhuru, na huenda ndivyo ilivyokuwa.

"Hebu imba wewe," alisema Thuwaiba ghafla. "Kama yeye."

"Mie? Nimo edani, Thuwaiba!"

"Nshajua umo edani. Imba polepole."

Thuwaiba alijiinua, akaenda kufunga dirisha la uchochoroni, akarudi akilalamikia magoti. Bi Kidawa alitazama mlango. Hakuwa ameimba mbele ya mtu tangu harusi ya Mardhiya. Alianza kwa sauti ya puani, nzito kidogo, na maneno yale ya Kihindi yaliyopondwapondwa ambayo hata Mhindi asingeyatambua. Alivuta palipovutwa. Alipofika kwenye mvua, alishuka.

"Ndiye!" Thuwaiba aliziba mdomo kwa kiganja, anacheka na machozi yanamtiririka. "Ndiye mwenyewe! Wallahi ndiye! Na hicho kikohozi anachotia katikati! Haya, endelea. Halafu husemaje?"

Bi Kidawa alifungua kinywa. Alisubiri. Alirudi nyuma kidogo akauanza upya, kama mtu anayetafuta kasi ya kuruka mfereji, akaja tena mpaka kwenye mvua, akashuka, akakwama pale pale.

"Endelea, wifi. Mie mwisho wake umenitoka, nlikuwa mtoto. Wewe ndiye uliyekaa naye."

"Siujui."

"Huujui vipi? Kauimba maisha yake yote humu ndani."

Bi Kidawa alikuwa ameikunja ncha ya mtandio mkononi, akiibana mpaka vidole vikamuuma.

"Nlikuwa simwachi afike," alisema. "Akishuka hapo tu, mie humwambia, Usi, unauharibu, nyamaza."

"Naye?"

"Hunyamaza."