Kuogelea Juu ya Benchi

"Moja, mbili, pumua," Mwalimu Dalmas Osewe alihesabu, filimbi ikining'inia shingoni, na wanafunzi kumi na tisa waliolala kifudifudi juu ya mabenchi wakarusha mikono hewani. Hivyo ndivyo mabaharia walivyofunzwa kuogelea katika chuo kimoja cha mtaa wa Kawangware mwaka wa 1996, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la saruji. Kila muhula Prinsipo Muli aliahidi kukodi bwawa, na kila muhula bwawa lilisogezwa muhula ujao.

Dalmas hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye meli za ziwani, na maji aliyajua. Lakini mwaka uliopita alitia sahihi fomu kwamba darasa lake lote limeogelea mita hamsini. Prinsipo alikuwa amemwambia, "Chuo ni kama meli, mwalimu. Nahodha ni mmoja." Aliogopa kufutwa, basi.

Kipindi kilipoisha, Prinsipo alimwita ofisini. Fomu mpya, ya darasa la mwaka huu, ilikuwa mezani.

"Obonyo wa mwaka jana ameaga," alisema bila kuinua macho. "Aliteleza kwa ngazi ya meli, akaanguka bandarini. Dada yake ako njiani. Mwambie kijana alikuwa anaogelea vizuri, ni vile maji ilikuwa baridi. Halafu usaini hii."

Obonyo alikuwa wa benchi la tatu, karibu na dirisha, yule aliyecheka kila benchi lilipoyumba.

Adhis, dada ya Obonyo, alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Raila, cheti cha ndugu yake kimefungwa ndani ya leso. Dalmas alimpokea darasani, mbele ya wanafunzi. Prinsipo aliwafuata, akasimama mlangoni na fomu yake.

"Mwalimu, hapa mmeandika aliogelea mita hamsini," Adhis alisema. "Na wenzake wanasema alizama hapo tu karibu na ukuta wa bandari. Hiyo inawezekana aje?"

Dalmas aliweka kidole juu ya sahihi iliyokuwa kwenye cheti. "Adhis, ndugu yako hakuwahi kuingia kwa maji. Hapa hakuna maji. Hiyo sahihi ni yangu."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Adhis hakulia. Aliyatazama mabenchi. "Sasa alikuwa anafanya aje? Nionyeshe."

Dalmas alilala kwenye benchi la tatu na suruali yake ya kazi, akarusha mikono, akapiga miguu. Benchi liliyumba. Wanafunzi waliangalia sakafu.

Alipoinuka, Prinsipo alikuwa amenyoosha mkono kuitaka filimbi. Dalmas akavua filimbi, akampa.

"Kavetsa!" Prinsipo aliita.

Kavetsa, mwalimu wa upishi wa melini, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa aproni. Alimtazama Dalmas, kisha filimbi, kisha fomu.

"Mimi sijui kuogelea, Prinsipo," alisema polepole.

"Hakuna mtu amekuuliza hiyo."

Kavetsa alichukua kalamu.

Dalmas na Adhis walishuka ngazi pamoja. Walipofika getini, filimbi ililia huko juu, na sauti ya Kavetsa ikatoka dirishani: "Moja, mbili..." Akasahau kinachofuata. Adhis alisimama. Wanafunzi walimalizia wenyewe.

"Pumua."