Mdudu wa Urembo

Asiyesikia la mkuu hula pichi, na guu lake linabaki zima. Mimi ni shahidi. Mkuu mwenyewe alikula pia, likamchuruzika ndevuni, lakini hilo tutalifikia.

Siku hiyo ilitimia mwaka tangu Babu afariki, na usiku mzimu wake ungealikwa kula kwenye meza ya tambiko. Babu yangu, Ma Chil-bok, alikuwa mkulima wa mapichi kule Cheongdo, na alikufa katikati ya mavuno, jambo ambalo Bibi hajamsamehe. "Miti imeinama kwa uzito, yeye anakwenda zake kulala!" husema, kana kwamba mzee alitoroka zamu.

Tangu asubuhi Bibi alikuwa na swali moja tu. Alimuuliza baba yangu, akamuuliza Shangazi Mal-ja aliyekuwa akikaanga samaki, akaja kwangu.

"Na-rae, unadhani atakuja?"

"Atakuja, Bibi. Lini alikosa chakula?"

Shida ilikuwa Babu Mkubwa Pan-su, kaka wa marehemu na msimamizi wa tambiko. Aliingia na joho lake jeupe, akaikagua meza: samaki kichwa mashariki, wali, supu, matofaa, pombe ya mchele. Kisha akaona kikapu cha mapichi pembeni, akaruka kama aliyekanyaga nyoka.

"Toa! Toa nje! Mzimu hausogelei pichi. Mnataka ndugu yangu aishie getini?"

Hilo kwetu hata mtoto analijua. Pichi hufukuza mizimu, kwa hiyo haliwekwi kwenye meza ya tambiko. Lakini huyu alikuwa Chil-bok! Mtu aliyevisha kila pichi karatasi ya gazeti likiwa bado mtini, akaapa kwamba yaliyolelewa na kurasa za michezo ni matamu kuliko yaliyolelewa na siasa. Mtu aliyenusa pichi kama wengine wanavyonusa utosi wa mtoto mchanga.

"Babu Mkubwa," nikasema, "nyumba hii imezungukwa na mipichi pande zote. Babu atapitia wapi, darini?"

"Mizimu ina njia zake."

"Njia gani isiyo na mpichi? Hata choo chetu kina mpichi."

Shangazi akaficha uso nyuma ya kifuniko cha sufuria, mabega yakimtikisika. Babu Mkubwa akaninyooshea pepeo lake.

"Huyu msichana stashahada yake ni ya nini? Ya ubishi?"

"Ya ubishi, na nilikuwa wa kwanza darasani."

Bibi hakucheka. Alikitazama kikapu, akakinyanyua mwenyewe, akakitoa barazani. "Kama ndivyo atakavyokuja, basi yakae nje," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Hapo ndipo nilipoacha kulisikia la mkuu. Nilimfuata, nikachomoa pichi moja nene, nikalificha ndani ya mkono wa vazi langu.

Maana Bibi aliposwa kwa pichi. Kwetu husemwa kwamba mapichi yaliwe gizani, kwa kuwa ukimla mdudu wake bila kumwona unakuwa mrembo. Chil-bok, kijana asiye na kitu, alimletea Bibi pichi lililotobolewa, akazima taa, akasema: "Tafuna, usiulize. Mdudu ndiye urembo." Bibi akatafuna, akaolewa. Baadaye kila mtoto na kila mjukuu alilishwa pichi gizani na kuambiwa maneno hayo hayo. Baba yangu amekwisha kula wadudu wengi. Urembo ndio unakawia.

Jua lilipozama tukasujudu, pombe ikamiminwa. Ikafika zamu ya marehemu kula. Hapo taa huzimwa, wote huinama paji la uso likigusa sakafu, na hakuna ruhusa ya kutazama mpaka msimamizi akohoe mara tatu.

Giza likatanda. Nikanyoosha mkono, nikaliweka pichi kando ya bakuli la wali, nikarudi kuinama.

Kisha nikasikia mtu anang'ata. Anafyonza. Anatafuna.

Shangazi akanibana kisigino. Na kutoka mbele ikatoka sauti ya Babu Mkubwa, lakini nyembamba, kama ya mtoto aliyepotezana na mwenzake sokoni: "Chil-bok? Mdogo wangu, ni wewe?"

"Ni mimi, shemeji," akajibu Bibi, mdomo umejaa. "Nimesikia harufu."

Baba akawasha taa. Bibi alikuwa ameketi mbele ya meza, maji ya pichi yamemfika kiwikoni. Babu Mkubwa alikuwa mwekundu kama pilipili.

"Nani kaliweka?"

"Mimi," nikasema.

"Umemfukuza! Mwaka mzima bibi yako kamngoja, wewe umemfukuza! Omba radhi, sasa hivi!"

Nikamtazama Bibi. Angelia, ningekuwa nimekwisha. Bibi akaligeuza pichi, akalichungulia tundu lake.

"Zimeni taa," akasema. "Sijamaliza, na humu mna mdudu mwenyewe."

"Shemeji, una miaka themanini!"

"Ndiyo maana namhitaji."

Shangazi alikuwa ameshakwenda barazani, akarudi na kikapu mbio, akagawa. Babu Mkubwa naye akatiwa moja kiganjani kabla hajapata la kusema. Taa zikazimwa tena. Tukakaa, kila mtu na pichi lake, kila mtu akimsubiri mwenzake.

"Langu linatembea," Baba akanong'ona.

Na hapo, bila kupangana, sote tukaropoka kwa mkupuo, kwa ile sauti nzito ya Babu yenye mafua yasiyopona: "Tafuna, usiulize! Mdudu ndiye urembo!"

Sote, pamoja na ile pembe alikokaa Babu Mkubwa.

Tukashtushana wenyewe. Kisha Bibi akapiga kofi sakafuni.

"Huyo! Huyo kaja! Kachelewa kama kawaida yake!"

Tulicheka mpaka vikombe vya tambiko vikagongana mezani. Bibi alicheka hadi akalala chali, soksi zake juu, na pembeni meno ya bandia ya mtu fulani yalikuwa yakitafuna kwa kasi.

Taa zilipowaka, Babu Mkubwa alikuwa amebakiza kokwa. Alijifuta ndevu. Alikohoa mara tatu, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Kisha akanigeukia.

"Na-rae. Bado naingoja ile radhi."

"Utangoja sana, Babu Mkubwa," nikasema, nikamwongeza pichi jingine. "Siombi."