Donge la Gidamis

Mpunga wa Babu Husseini kule Chumbi ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, nasi tukahamia shambani kuamia ndege wasiumalize. Babu alikaa juu ya dungu, jukwaa la kulindia, akipiga kelele. Mimi na watoto niliowaangalia tulizunguka chini.

Ndege wakitulia, watoto hucheza. Mmoja anakuwa ndege, anaingia kuiba. Wengine wanabandika udongo mbichi kwenye ncha ya fimbo na kumrushia. Akipatwa, anaanguka na kupigapiga mabawa mpaka wote wacheke.

Siku hiyo walikuwa Iddy na Yasmini, wajukuu wa Babu, pamoja na Gidamis, mtoto wa mama mfugaji wa Kimang'ati anayetuuzia maziwa. Mama yake alikuwa ameniachia mimi, akaenda Ikwiriri na madumu yake.

Yasmini alikuwa ndege. Donge la Gidamis likampata mgongoni, akaanguka.

"Anamuua mtoto!" Babu alishuka ngazi mbiombio, akamkamata Gidamis mkono na kuivunja fimbo yake. "Hawa wanazaliwa na fimbo mkononi. Twende ofisi ya kijiji, baba yako aitwe, mhame na ng'ombe wenu."

"Babu, mimi ndege!" alisema Yasmini.

"Nyamaza. Huoni unavyotetemeka?"

"Si napiga mabawa!"

Babu hakumsikia. Alimsukuma Gidamis mpaka kwenye njia, akamwambia asimame hapo asubiri. Mtoto hakulia. Alinitazama mimi.

Mimi si msemaji. Mbele ya wakubwa huwa naangalia vidole vyangu vya miguu. Lakini nilijua jambo hilo likifika ofisini haliitwi tena mchezo, na mama yake aliniachia mimi, si mtu mwingine. Nikaenda nikasimama katikati ya njia.

"Babu, hapiti mtu hapa."

"We Muzdalifa! Shule yenyewe hukumaliza, leo umekuwa hakimu?"

"Jana Iddy alimpiga Yasmini donge lile lile, mgongoni pale pale. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema ana shabaha."

"Iddy mtoto wetu."

"Na mgongo ni wa Yasmini, jana na leo. Kama jana haukuuma, leo umeumaje?"

Miguu yangu haikutoka pale. Babu akamgeuza Yasmini, akampangusa tope, akatafuta jeraha. Akabonyeza huku na huku.

"Unanitekenya, Babu."

Iddy akaangua kicheko. Babu akamkazia macho, kisha akatazama vipande vya fimbo aliyoivunja. Kundi la ndege lilikuwa limeshatua upande wa chini na hakuna aliyelifukuza.

"Haya," alisema. "Kamwambie arudi acheze."

"Umemfukuza wewe, Babu. Mwite wewe."

Nilidhani atanizaba kofi. Alivuta pumzi, akakuna ndevu.

"Anaitwa nani?"

Miezi yote hiyo ya maziwa, hakuwahi kuuliza.

"Gidamis."

Akaita. Mtoto hakusogea. Babu akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini, akaongeza, "Njoo, baba. Nilikosea."

Gidamis alinitazama kwanza. Nilipotikisa kichwa kukubali, akaja polepole, akapita mbali kidogo na Babu, akainama kuchimba udongo.

"Sasa nani ndege?" aliuliza Yasmini.

"Babu," alisema Iddy.