Maksai wa Lokwang

Lokwang alikuwa na gunia la mahindi mgongoni simu ilipolia. Alilitua kando ya mashine ya kusaga, akajifuta unga usoni, na kabla hajasema neno alijua ni habari ya maksai wake. Siku hizi kutoka kwao Karamoja hazikuja habari za aina nyingine.

Mdogo wake, Longole, alieleza polepole. Mvua imekataa tena. Kisima cha chini ya mlima sasa kimo ndani ya uzio wa kampuni ya marumaru, na walinzi hawataki kuona hata mbuzi. Ng'ombe wengine wote wamekufa. Amebaki yule mwenye madoa ya chui, naye mbavu zinahesabika. Mnunuzi wa nyama amekuja na lori, watoto hawajala, lakini maksai amegoma kupanda. Wamemvuta, wamemchapa, wapi.

"Mwimbie, kaka," Longole alisema. "Nitamwekea simu sikioni. Anakusikiliza wewe tu."

Lokwang aliketi juu ya gunia. Kwao kijana hupewa maksai, akaitwa kwa jina la maksai huyo, akamtungia wimbo na kumlea nao mpaka mnyama aufuate popote, hata kwenye mto uliojaa. Kumuuza ni aibu. Kumwimbia aende kuchinjwa, hilo hata jina halina. Wazee wangemtemea mate, kama kiangazi kile kingewaachia mate ya kutema.

Alitaka kukataa. Alitaka sana. Lakini akikataa, maksai atakufa palepale kando ya uzio, na watoto watamtazama akioza huku matumbo yao matupu. Alikuwa amechoka, amechoka tangu siku aliyomwachia Longole fimbo yake akaja mjini, Kisenyi, kubeba magunia ya watu.

Mashine ilinguruma hata akawa hasikii vizuri. Hajati Kulusum, mwenye kinu, alimwuliza kuna nini. Akamweleza kwa kifupi, macho chini, akingoja kuambiwa arudi kazini.

Kulusum aliizima mashine.

"Imba tu," alisema. "Unga utangoja."

Wateja waliguna, wakatulia. Lokwang aliziba sikio moja, akafumba macho, akaimba. Sauti ilianza imekwama kwa vumbi la unga, kisha ikafunguka. Akamsifu pembe, akamsifu madoa, akamwita aje kwenye majani mabichi. Majani hayo hayakuwepo, naye alijua, lakini hakunyamaza. Kwenye simu alisikia kwato zikigonga mbao, taratibu, halafu mlango wa lori ukifungwa.

Longole alirudi kwenye simu.

"Amepanda," alisema. "Anageuza kichwa huku na huku humo ndani. Anakutafuta."