Kila Mtoto na Dirisha Lake

Mkunga mstaafu alikuwa ameweka mizani ya jikoni mezani, juu ya mizani bakuli la plastiki, na ndani ya bakuli mtoto wa mbwa mwenye uzi mwekundu shingoni. Alisubiri atulie, akasoma uzito wake, akamrudisha kwa mama yake, akamtwaa mwenye uzi wa kijani. Wageni wake wawili walikaa kwenye kochi wakingoja amalize. Mmoja alikuwa Mama, ambaye ndiye aliyetaka mbwa. Wa pili alikuwa Dada, aliyekuja kushika kikapu.

Dada hakuwa dada wa mtu yeyote pale. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, mtu mzima aliyekwisha kupita umri wa kuitwa binti, na kila nyumba alimowahi kufanya kazi walimwita hivyo hivyo. Alikuwa na kikohozi kikavu, na siku ile alikohoa ndani ya kanga yake ili asiwashtue watoto wa mbwa.

Mkunga hakuuza mbwa kama watu wanavyouza nyanya. Mbwa wake akishazaa alipumzishwa mpaka asahau uchungu, ndipo azae tena. Hakuna mtoto aliyetoka pale kabla ya kuacha ziwa, kupata chanjo na kunywa dawa ya minyoo, na mnunuzi alihojiwa kuliko mchumba.

"Mchana nani yupo nyumbani?" aliuliza.

"Dada yupo," alisema Mama. "Siku zote."

"Haendi kwao?"

"Haendi."

"Hana siku ya mapumziko, akaja kumwacha mbwa peke yake?"

"Hana."

"Vizuri sana," alisema Mkunga, na alimaanisha.

Mama akaeleza kwamba tangu watoto wake waende shule ya bweni nyumba imekuwa tupu. Unashinda kutwa nzima bila kusikia sauti ya binadamu. Dada akakohoa. Mkunga akasema upweke ni kitu kibaya, hasa kwa mbwa.

Chini ukutani, karibu na sakafu, madirisha madogo yalikuwa yamejipanga, kila moja na kioo chake na komeo lake, idadi sawa na ya watoto. Mkunga alichuchumaa akayapangusa kwa kitambaa huku akizungumza.

"Wakizaliwa hawaoni, mnajua. Siku macho yanapofunguka, na dirisha linafunguka. Kila mtoto na lake. Mkiondoka naye msihangaike kulibeba, litafuata lenyewe. Linakaa kwenye ukuta wowote ulio karibu na anapolala."

Mama aliuliza kama linahitaji pazia.

"Pazia atalitafuna," alisema Mkunga. "Na jambo la mwisho. Mkishindwa kumtunza, hata akiwa kibogoyo, mnipigie simu nije nimchukue. Aliyetoka mikononi mwangu haonewi."

Dada alilisikia neno hilo, akalirudia moyoni njia nzima, kikapu kikiwa mapajani na mwenye uzi wa kijani amelala ndani yake.

Nyumbani kwa Mama kulikuwa na mazulia, na mtoto wa mbwa hajui adabu za choo, kwa hiyo iliamuliwa alale stoo na Dada mpaka azijue. Huko Dada alikuwa na godoro lake, katikati ya mtungi wa gesi, makopo ya rangi na magunia ya mkaa. Stoo ilikuwa na mlango tu. Dirisha alikwisha kuliomba. Baba, mume wa Mama, alimjibu kwamba fundi atakuja, na wala hakuwa na nia ya kudanganya; ni vile tu mafundi ndivyo walivyo. Mwaka ukapita, na mwingine nao ukaja kama vile hauna habari.

Asubuhi ya kwanza dirisha lilikuwa ukutani, kimo cha goti. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na tangi la maji la jirani, limegusana na tofali hata mjusi asipite, lakini dirisha lilionyesha majani mabichi na kipande cha anga, na upepo uliingia vizuri. Dada aligeuza godoro, kichwa kikawa upande wa dirisha. Vumbi la mkaa likatoka. Kikohozi kikapungua, halafu kikakoma kabisa. Alifurahi. Alifurahi mpaka akawa anaimba akiosha vyombo, naye Mama akasema, "Ona mbwa alivyoichangamsha nyumba!"

Taabu ni kwamba mtoto yule alikuwa mwerevu. Haukupita muda akawa anakwenda mlangoni mwenyewe na kulialia akibanwa. Mtu mwingine angempongeza. Dada aliogopa, maana hesabu ilikuwa rahisi: mbwa akijua adabu anahamia sebuleni, na dirisha linamfuata.

Basi ikawa kila asubuhi Dada anachukua tambara, analilowesha bombani, analipeleka kwa Mama likichuruzika.

"Amekojoa tena."

"Tena! Jamani, mbwa gani huyu?"

Mbwa aliyekuwa akisingiziwa alikaa pembeni akitikisa mkia. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya Dada ilikwenda mbali kuliko alivyotarajia mwenyewe. Uso wake ulinawiri. Alianza hata kula akashiba.

Mwishowe Mama alimpigia simu Mkunga kulalamika, na Mkunga akaja siku ile ile na mizani yake. Alimfungua mbwa mdomo, akaangalia fizi. Akampapasa tumbo, akamchungulia masikioni, akampima uzito. Kisha akaomba tambara, akalinusa.

"Haya ni maji ya bomba," alisema.

Mama alimtazama Dada. Dada alitazama sakafu. Mama hakugomba, si mtu wa kugomba. Aliangua kicheko akapiga makofi.

"Dada wewe! Kumbe umempenda hivyo, hutaki hata atoke chumbani kwako!"

"Ndiyo, Mama," alisema Dada.

Mkunga alikwenda jikoni kunawa mikono, na Dada akamfuata na taulo.

"Siku ile ulikuwa unakohoa," alisema Mkunga bila kugeuka.

"Nilikuwa nakohoa. Niliacha dirisha lilipokuja."

"Likiondoka?"

"Kikohozi kitarudi."

"Waambie wakutobolee la kwako."

"Nimewaambia mpaka nimeona haya."

Mkunga alifunga bomba. Alimtazama kwa macho ya kazi yake ya zamani, akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akamwachia. "Angekuwa mbwa ndiye anayekohoa hivi," alisema, "ningemchukua leo hii, nisimuulize mtu."

Dada hakuwa amepanga kusema, lakini neno lilikwisha kufika mdomoni.

"Na mimi je?"

"Wewe hukutoka mikononi mwangu, mwanangu," alisema Mkunga. Alisema kwa huruma kabisa. Hakuna awezaye kusema kwamba mwanamke yule hakuwa na huruma. Kisha akapokea taulo, akajifuta, akaenda sebuleni kumwonyesha Mama mahali pa kuweka kitanda cha mbwa, mbali na feni na mbali na jua la mchana.

Mbwa alihamia huko, na alfajiri ukuta wa stoo ulikuwa mzima, rangi yake ile ile, pasipo hata ufa. Dirisha lilikuwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na televisheni. Baba aliporudi safari alilipima kwa futi, akaligonga fremu kwa kidole, akasema mbao kama hizi siku hizi huzipati, na kwamba lingebaki stoo ingekuwa hasara tupu. Kuhusu fundi alisema bado anamtafuta. Kikohozi nacho kilirudi kabla juma halijaisha, na Mkunga, ambaye alipiga simu mara kwa mara kuulizia hali kama kawaida yake, akashauri usiku mlango wa stoo ufungwe vizuri, kwa sababu mtoto wa mbwa akizoea kushtuliwa usingizini hukua mwoga. Dada aliufunga mwenyewe, kwa ndani.

Kazi mpya ya asubuhi ilikuwa kufuta kioo, maana mbwa alipenda kukigusisha pua na kuacha alama. Siku moja, akiwa amepiga magoti na kitambaa mkononi, Dada alifungua komeo. Alitoa kichwa nje, mabega yakakwama kwenye fremu, akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Majani yalikuwa na umande. Alikaa hivyo, macho ameyafumba, hakusikia Mama akiingia na kikombe chake cha chai.

Mama alisimama akamtazama. Mbwa alikuwa ameketi nyuma ya Dada, akinyoosha shingo huku na huku, anatafuta pa kuchungulia.

"Dada," alisema Mama kwa upole, "sogea kidogo, unamzibia."

Dada akasogea.